Pate: Mji wa wafalme uliogeuka shamba la tumbaku

Mpenzi msomaji, kama ulipitia shule ya sekondari hapa Kenya na ukafunzwa fasihi ya Kiswahili, basi bila shaka uliwahi kukutana na jina la Mwana Kupona. Huenda pia ulimsikia Bwana Mwengo wa Athumani, ukaambiwa kwamba tungo za kale ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu na watu wa pwani ya kaskazini. Uliyakariri hayo usiku wa kuamkia mtihani, ukayaandika asubuhi yake, na kufikia jioni yakawa yamekutoka. Sikulaumu. Lakini hebu nikuulize jambo dogo: ukitandaziwa ramani ya nchi hii leo, je, unaweza kukiwekea kidole kisiwa cha Pate?

Wengi niliowauliza swali hilo walikipeleka kidole Lamu. Wengine walivuka mpaka wakatua Zanzibar. Mmoja, tena msomi wa chuo kikuu, nilipomwambia nataka kwenda Pate, alinitazama kwa huruma akauliza, "Upate nini?"

Pate ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Lamu. Kiko kaskazini mashariki mwa Lamu yenyewe, ng'ambo ya kisiwa cha Manda, upande wa kuelekea mpaka wa Somalia. Ndani yake mna mji wa Pate uliokipa kisiwa jina, mna Siyu, Faza, Tchundwa, Mbwajumwali na Kizingitini, na mna magofu ya Shanga ambayo hayana mkazi hata mmoja. Watalii humiminika Lamu kwa mamia, wakapanda punda, wakapiga picha za milango ya nakshi, kisha wakarudi kwao wakiamini wameuona mwisho wa Uswahili. Ni wachache mno wanaosogea mbele. Hata sisi wenyeji wa nchi hii hatusogei. Nami, niliyeyafundisha majina ya washairi wa huko katika shule za bara kwa miaka mingi, nilitamani sana kuwaona watu ambao lugha yao niliipa alama kwa kalamu nyekundu.

Kwenda Pate si jambo la kuamua wewe. Huamuliwa na maji. Boti za abiria hutoka Lamu na kupitia Mkanda, mlango mwembamba wa bahari ulio kati ya Manda na bara, mikoko imesimama pande zote mbili kama watu wanaotazama arusi ikipita. Maji yakijaa, chombo hupita kwa raha. Yakipwa, hicho hicho chombo huparama kwenye tope, na hapo abiria hutulia, wakafungua vikapu, wakala, wakangoja bahari irudi. Siku za bamvua mambo huwa mengine, siku za maji mafu huwa mengine tena. Katika majira ya kusi, upande wa bahari kuu huchafuka hadi mtu wa bara akakumbuka dua zote alizofunzwa utotoni. Nilipomwuliza nahodha tutang'oa nanga saa ngapi, aliitazama saa yangu ya mkononi kisha akaitazama bahari.

"Bwana," akasema, "hapa saa ni hiyo ya maji. Hiyo yako ni pambo."

Nakuomba uyaweke maneno hayo moyoni, msomaji, maana baadaye nitakuonyesha jinsi maji ya kupwa yalivyouangusha ufalme mzima.

Baada ya saa mbili au tatu boti hutia nanga Mtangawanda. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu, au pikipiki ikiwa una haraka, hadi mji wa Pate. Mimi nilitembea. Njia ni ya mchanga na vichaka, minazi hapa na pale, punda akija na mzigo wa kuni bila mtu wa kumwongoza kwa kuwa kwao anakujua. Mji wenyewe umebanana. Nyumba ni ndefu kwa jinsi zilivyo kuukuu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana hapana budi mmoja aegemee ukuta. Hapana hoteli. Hapana duka la kuuza vinyago. Hapana kijana wa kukufuata akikuita "rafiki". Mtoto wa miaka kama saba, nilipomwuliza magofu yako wapi, alinyosha mkono akaniambia, "Shika ndia hiyo."

Nilisimama kidogo. Hilo neno "ndia" nimelisoma katika tungo za kale mara zisizo na idadi, na kila mara chini ya ukurasa kulikuwa na maelezo kwamba maana yake ni "njia". Huyu mtoto hakuhitaji maelezo ya chini ya ukurasa. Alikuwa analitumia kumwelekeza mgeni aliyepotea.

Basi nikaishika ndia. Hatua chache tu nje ya nyumba za mwisho, mji wa kale unaanza, na hapo ndipo macho yalipokosa pa kutua. Kuta ndefu za mawe zimesimama peke yake bila dari, nyingine zimeinama, nyingine zimekumbatiwa na mizizi ya miti hadi hujui kama ni ukuta ulioushika mti au mti ulioushika ukuta. Ndani ya kuta bado mna vidaka vilivyochongwa kwa ustadi, vilivyokuwa vikiwekewa vyombo vya kupamba nyumba. Na katikati ya hayo yote, katika vyumba na nyua za waliokuwa matajiri, kumepandwa tumbaku. Majani mapana ya kijani yanajaa kutoka ukuta hadi ukuta. Kati ya matuta mnameremeta vipande vya sahani za China, buluu na nyeupe, na vigae vya mitungi.

Nilimkuta mzee mmoja akinyunyizia maji shamba lake ndani ya kile kilichokuwa sebule. Nikampa salamu, akaniitikia vizuri, akaniondolea jiwe niketi. Nikamwuliza kwa nini watu wanalima hapa na kisiwa ni kikubwa.

"Mwanangu," akanijibu, "tumbaku yapenda udongo wa mji. Palipokaa watu wengi pana rutuba."

Jibu hilo lina mantiki ya mkulima, na bado linauma ukilifikiria. Waliokaa hapo ni nani? Hapa ndipo pa kukaa kidogo.

Mji huu ulitawaliwa na ukoo wa Wanabahani waliokuwa na asili ya Oman. Wenyeji husema walifika mwanzoni mwa karne ya 13, wakaoa katika jamaa waliowakuta wakitawala, na ufalme ukawaangukia. Wanahistoria wanabishana kuhusu tarehe hiyo, na wengine wanaona ukoo huo ulishika hatamu baadaye sana. Lisilobishaniwa ni kwamba katika karne ya 17 na ya 18 Pate ilikuwa na nguvu katika pwani hii. Iligombana na Wareno, ikaadhibiwa nao, ikainuka tena. Miaka ya 1760 ilitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija. Na mwaka 1728, katika jumba la kifalme la Yunga, Bwana Mwengo alimtungia mfalme wa Pate utenzi wa Tambuka, unaoitwa pia Chuo cha Herekali, ambao ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia hadi leo. Wakati huo Nairobi haikuwapo. Palikuwa pori na chemchemi za Wamaasai.

Anguko lake lilikuja kwa vita vya Shela, yapata mwaka 1812. Pate ilishirikiana na Wamazrui wa Mombasa ili iitie Lamu adabu. Wakashuka na vyombo vyao ufukweni Shela, wakapigana, wakazidiwa. Walipogeuka kukimbilia majahazi yao, bahari ilikuwa imepwa. Vyombo vimelala ubavu mchangani, haviendi mbele wala nyuma. Masimulizi ya Lamu na ya Pate, ambayo hayapatani katika mengi, yanapatana katika hili: wengi waliuawa pale pale, kando ya vyombo vyao wenyewe. Wazee wa Lamu hukuonyesha ufuo huo hadi leo, na watalii hulala juu yake wakiota jua.

Baada ya hapo Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Oman, na nguvu za Pate zikawa zinapungua mwaka baada ya mwaka. Wanabahani walihamia Siyu, hatimaye wakavuka bara wakaanzisha usultani wa Witu. Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi. Wengi tumeisoma kama mawaidha ya dini, na ndivyo ilivyo. Lakini ukiwa umeketi juu ya jiwe katikati ya tumbaku ndipo unapotambua kwamba mshairi yule hakuwa akitunga mfano. Alikuwa akiuandika mji aliokuwa akiujua: nyumba zilizowaka taa, zenye watu na vicheko, sasa ni makao ya popo na buibui. Miaka mia mbili imepita na bado angeutambua.

Wanabahani walikuwa na kitabu chao cha habari za wafalme. Kitabu hicho kilikuwa Witu mwaka 1890, wakati Waingereza walipoushambulia mji huo na kuuteketeza, na tangu hapo hakijaonekana. Kilichosalia ni kile kilichokuwa kichwani mwa mtu mmoja wa ukoo huo, aliyejulikana kama Bwana Kitini, ambaye aliwasimulia waliotaka kuandika. Mwingereza Chauncey Stigand alichapisha masimulizi hayo kwa lugha yake mwaka 1913. Wengine wakafuata, na mwaka 1993 mtaalamu Marina Tolmacheva akakusanya nakala mbalimbali katika kitabu kimoja kilichotolewa Marekani. Nilipomweleza yule mzee mambo hayo, aliacha kunyunyizia maji.

"Yaani habari zetu zimeandikwa, ziko Marekani?"

"Ziko, mzee wangu. Na nyingine ziko kwa Kiswahili."

"Cha wapi?"

"Cha hapa hapa."

Akanyamaza kwa muda. Kisha akaniomba jambo, nami nikaahidi. Nitalifikia.

Kutoka Pate nilikwenda Siyu. Huu nao ni mji wa kustahili makala yake. Uko mwisho wa hori lililojaa mikoko, na chombo hakifiki mpaka maji yajae sawasawa. Mbele ya hori hilo imesimama ngome ya mawe, imekarabatiwa na iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Katika karne ya 19 Siyu ilisifika kwa wanazuoni na mafundi: waliochonga mbao, walioshona viatu vya ngozi, waliofua majambia, na walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi. Ilisifika pia kwa ukaidi. Kiongozi wake, Bwana Mataka, alikataa kumnyenyekea Sayyid Said, na katika miaka ya 1840 majeshi ya sultani yalifika kisiwani zaidi ya mara moja yakarudi yamepigwa. Siyu ilisalimu amri mwaka 1863 tu, zama za Sayyid Majid, Bwana Mataka akiwa amekwisha kufa.

Mjane wa huyo Bwana Mataka ndiye Mwana Kupona. Alimtungia bintiye utenzi mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Shuleni tulifunzwa kumwona kama mama anayemfunza binti kumtii mume, basi. Wanawake wawili niliozungumza nao Siyu, wakisuka mikeka barazani, walinicheka niliposema hivyo. "Mwalimu," mmoja akaniambia, "huyo alikuwa mke wa mtu aliyepigana na sultani. Mumewe amekufa, naye mgonjwa, mtoto amwacha na nani? Akampa maneno ya kumlinda." Mimi nimeusahihisha utenzi huo katika karatasi za mtihani mamia kwa mamia, na sikuwahi kuona mwanafunzi ameandika jibu hilo. Angeliandika, ningempa alama zote.

Shanga iko mwendo wa saa moja hivi kwa miguu kutoka Siyu, na maji yakiwa yamepwa unaweza kukata ufukoni. Hapo hapana mtu. Kuna mibuyu, makaburi kwa mamia, mabaki ya nyumba na misikiti, na kimya. Mtaalamu Mark Horton alichimba hapo katika miaka ya 1980. Chini ya Msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hadi akafikia kijijengo kidogo cha miti cha karne ya 8. Fikiria, msomaji: watu waliswali mahali pamoja, wakaezua na kujenga upya juu ya hapo hapo, kizazi baada ya kizazi. Alipata pia sarafu ndogo za fedha zilizotengenezwa papo hapo, na simba mdogo wa shaba nyeusi anayeenea kiganjani. Mwanzoni mwa karne ya 15 mji ukahamwa, na hadi leo sababu inabishaniwa.

Utaambiwa pia habari za Wachina. Husemwa kwamba merikebu ya Kichina ilivunjika karibu na Shanga zama za safari za Zheng He, mabaharia wakaogelea hadi pwani, wakasilimu na kuoa. Mwaka 2005 msichana kutoka Siyu, aliyesemekana ni wa kizazi chao, alipewa nafasi ya kwenda kusoma China, na magazeti yakaandika hadi yakachoka. Mimi sisemi ni kweli wala si uongo. Sarafu ya Kichina ya mwanzo wa karne ya 15 ilipatikana kisiwani Manda mwaka 2013, kwa hiyo biashara ilikuwapo. Ila huniudhi kidogo kwamba Pate ikitajwa siku hizi hutajwa kwa ajili ya Wachina wachache waliozama, wala si kwa maelfu ya Waswahili waliojenga.

Sasa nikwambie linalonikosesha usingizi. Magofu haya yanaliwa. Mizizi inayala, mvua inayala, na binadamu naye haachi. Jiwe la matumbawe lililokwisha kuchongwa ni mali kwa mtu anayejenga nyumba, na hata nikiwa huko niliuona ukuta uliopungua karibuni, alama zake nyeupe mbichi. Usiwakimbilie wenyeji kwa lawama. Mwenye watoto sita na shamba la tumbaku hawezi kulinda sebule ya sultani kwa tumbo tupu, na sijaona tukiwapa sababu ya kufanya hivyo. Ng'ambo ya pili, bara, bandari mpya ya Lamu ilifungua gati lake la kwanza Mei 2021, na vijana wa Pate wanatazama huko. Wazee wenye kujua ukuta upi ulikuwa wa nani wanazidi kupungua. Kitabu kimoja kiliungua Witu. Hivi vya vichwani havihitaji hata moto.

Ukitaka kwenda, nenda katika kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari ikiwa tulivu. Ukifika Lamu, kabla ya kupanda boti, uliza kwanza hali ya usalama kwa polisi na kwa wenyeji, kwani mwaka 2011 wageni walitekwa nyara Kiwayu na Manda, na eneo la mpakani limekuwa na visa vingine baadaye. Wenyeji watakwambia ukweli bila kukutisha wala kukudanganya. Vaa nguo za heshima. Tafuta familia ya kukupokea, ulipe ipasavyo. Utakula samaki na wali wa nazi, utakunywa kahawa tungu barazani, na utalala mapema. Usiokote hata kigae kimoja. Sheria inakataza, na hata isingekataza.

Ile ahadi kwa mzee ilikuwa hii: nimtafutie hizo habari za Pate, zile zilizo kwa Kiswahili. Niliporudi Nairobi nilizipata katika maktaba ya chuo kikuu kimoja, nikatoa nakala za kurasa zote, nikazifunga kwa bahasha kubwa na kumpa mtu wa basi la Lamu, akampa mtu wa boti. Wiki zikapita bila neno. Nilidhani maji ya Mkanda yamezinywa.

Kisha simu ikalia usiku mmoja. Alikuwa mjukuu wake, naye akampa mzee simu. Aliniuliza hali, akawauliza wa nyumbani, akauliza mvua za bara. Kisha akasema kwamba walikaa barazani jioni tisa, mjukuu akisoma kwa sauti, wazee wakisikiliza.

"Mwalimu, tumekimaliza," akasema. "Kina makosa. Ndoo tukwambie."